Baiskeli za Mkanda wa Kijani

Kibondo,
Jumatano, 12 Machi 2014

Kwa mdogo wangu Asmahani, Ujiji.

Assalam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute umeamka vizuri, wewe na shemeji, na lile goti lako liwe limekuachia uswali bila kushika ukuta. Mimi mzima. Nakula, nalala, nagombana na majirani, kwa hiyo ujue sina ugonjwa. Mvua inatupiga kila alasiri na barabara ya Kasulu imekuwa uji. Mjukuu wetu Yasmini msalimie sana, mwambie bibi yake anasema bibi harusi hachekicheki hovyo.

Ujumbe wako umefika kwenye simu ya Anifa jirani, naye akanisomea mara mbili maana mara ya kwanza sikuamini. Unasema mwanangu Khamisi asikanyage Ujiji Ijumaa ya wiki ijayo. Idhini ya kumwozesha binti yake Yasmini aitoe kwa simu, shemeji amkabidhi binti badala yake, kwa sababu wewe uliyemlea huyo mtoto tangu mama yake afariki huwezi kumkalisha mbele ya watu mtu aliyeuza jina la baba yake. Nimekusikia. Sasa na wewe nisikilize, na usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka aya chuoni.

Wewe uliondoka huku zamani, nitakueleza toka mwanzo. Marehemu mume wangu Nurudini aliacha maduka matatu ya baiskeli: hili la Kibondo, la Kakonko na la Kasulu. Baiskeli zilikuja vipande vipande ndani ya maboksi, fundi akaziunga. Lakini Nurudini hakuuza baiskeli mpaka aifungie kwenye keria magunia mawili ya maharage, iteremshwe mpaka mtoni na kupandishwa tena. Ikirudi fremu haijapinda na foku inayoshika gurudumu la mbele haijalia, ndipo anachukua brashi na kuizungushia mkanda wa rangi ya kijani chini ya kiti. Ikilia, inarudi kwenye boksi. Watu walitoka Kasanda kwa miguu wanataka ya mkanda. Walikuwa hawaulizi hata ni ya nchi gani.

Halafu zikaja pikipiki. Vijana wote wakawa bodaboda, na wakipita dukani wananipigia kelele kwamba baiskeli zangu zimezeeka kunishinda mimi. Nami nikawajibu kwamba baiskeli haijawahi kumdai mtu petroli. Lakini kujibu si kuuza. Kakonko ikakaa miezi miwili bila kutoa hata moja. Kasulu panya wakatotoa ndani ya maboksi. Khamisi akasema tufunge hayo mawili, tubaki na hili la Kibondo, tutengeneze na kuuza spea, maana baiskeli zilizoko vijijini zitahitaji spoku na tairi miaka na miaka. Nilimtukana, Asmahani. Nilimwambia anataka kumzika baba yake mara ya pili.

Mwezi wa tano mwaka jana maduka yote matatu yakachukuliwa na Athuman, mfanyabiashara wa Kahama. Umemsikia tu, hujamwona. Ananukia marashi mpaka chai inabadilika ladha. Anakushika mkono kwa mikono yake miwili, laini kama ya mtoto, mtu anayesema anauza baiskeli hana hata doa la grisi kwenye kucha! Siku ya kwanza aliniita Mama Mwenye Duka. Aliacha jina la Nurudini juu ya mlango, tena akalipaka upya. Akaniwekea kiti chenye mto pale mbele, na kila asubuhi chai ya maziwa na maandazi. Mjini wakasema Khamisi kamuuza baba yake lakini mgeni kamheshimu mama.

Nikakaa kwenye kile kiti miezi minane. Na kutoka pale niliona kila kitu. Hakuna gunia lililofungwa. Hakuna baiskeli iliyoteremshwa mtoni. Walifungua maboksi, wakapanga fremu ukutani bila magurudumu, zinafanana na mbuzi waliochunwa, na mtu mmoja akapita na kopo la rangi: mkanda, mkanda, mkanda. Fremu arobaini kabla ya adhuhuri. Nilimuuliza Athuman ni nini hicho. Akacheka, akasema bibi, watu wanachotaka ni ule mkanda, basi tunawapa mkanda. Kisha akaagiza niongezewe maandazi. Nikayala. Leo nikiyakumbuka yale mafuta yake mdomoni natoka nje kutema mate.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Venanti wa kule bondeni alimpakia mkewe Ernesta kumpeleka kliniki, mimba ya miezi sita. Kwenye mteremko foku ya mbele ikakatika kama muwa. Baiskeli haikuwa na wiki tatu. Venanti alichubuka uso, Ernesta akavunjika paja. Mimba ilisalimika, na hilo namshukuru Mungu usiku na mchana. Mkanda wa kijani ulikuwepo pale chini ya kiti, unang'aa.

Watu hawakumlaumu Athuman, yeye mgeni. Walimlaumu Khamisi. Kwa kinyozi wakamwita Muuza Baba. Mtu mmoja, na jina lake nalijua, alimtemea mate karibu na viatu akitoka msikitini. Habari ikakufikia huko Ujiji, nawe ukaniletea huo ujumbe wako.

Sasa Asmahani, kaa chini.

Khamisi hakuuza kitu. Niliyeuza ni mimi.

Nurudini aliandikisha maduka yote kwa jina langu kabla hajafa, na sikumwambia mtu. Athuman alinijia nyumbani Khamisi akiwa Kasulu. Alinikuta nina hasira na mwanangu, akanisifu. Aliniambia duka halitafungwa hata moja, jina litabaki, na mimi nitakaa mbele kama malkia. Mwalimu Esteri, yule wa Mbeya aliyepanga chumba changu cha uani, ambaye ndiye ananiandikia barua hii, aliomba anisomee ile karatasi kwanza. Nikamwambia mimi si kipofu. Unanijua: darasa la pili niliishia, lakini siweki dole gumba, naandika jina langu. Niliandika vizuri kabisa, herufi zote, bila kujua zinakubali nini. Esteri alinisomea mwezi uliopita. Nimeuza maduka, mali, jina na alama ya mkanda, na nimekubali nisiseme neno lolote juu ya bidhaa zake. Watu walipouliza nani kauza, nikasema vijana wa siku hizi hawana adabu. Sikumtaja Khamisi. Nilinyamaza tu, wakamtaja wenyewe, nami nikaendelea kunywa chai.

Bado sijamaliza. Venanti hakununua kwa sababu ya rangi. Alisimama mbele ya kiti changu, akavua kofia, akaniuliza mimi kama hizi ni zile zile za mzee. Wakati huo nilishaziona zikipakwa ukutani. Nikamwambia chukua, mwanangu, ni zile zile.

Jumapili hii iliyopita nilishuka mpaka kwake. Nikamwambia yeye na mkewe yote haya. Ernesta, na plasta yake mguuni, ndiye aliyesema. Akasema bibi, uliniangusha mbele ya watu, usije kuniomba radhi jikoni kwangu. Mtoto mdogo wa kumzaa kabisa! Lakini kweli ni kweli hata ikitoka kwa mtoto. Jana ilikuwa siku ya soko. Nilikwenda nikasimama mbele ya duka, nikawaambia watu nani aliuza, na wasinunue baiskeli humo hata kama imepakwa kijani mpaka kwenye cheni. Wengine walicheka. Mmoja akaniuliza kama maandazi yamekwisha. Athuman akatoka anatabasamu, akasema bibi amechoka, uzee huo, kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba karatasi inanikataza kusema. Nikamwambia aipeleke anakotaka.

Jioni nikamwambia mwanangu. Nilijiandaa anitukane. Khamisi akasema anajua, aliiona ile karatasi wiki ile ile niliyoiandika jina langu. Nikamuuliza kwa nini alikubali kuitwa lile jina miezi yote hii. Akasema mama, mimi wakinicheka nina miguu, naenda Kasulu. Wewe ungekwenda wapi? Kisha akachukua pampu akaenda kumjazia mtu upepo. Asmahani, nimejichukia maishani mara chache, unanijua, lakini jana nilijinusa mwenyewe nikaona nanuka marashi ya yule mtu.

Kwa hiyo sikuombi, nakuambia kama dada yako mkubwa. Khamisi atafika Alhamisi ya wiki ijayo kwa basi. Mpe maji aoge, mkalishe mbele, na mkono wake ndio umkabidhi Yasmini kwa mumewe. Asisimamiwe na mtu mwingine, wala asitoe idhini kwa simu. Hii barua msomee shemeji, na kila uliyemwambia mabaya ya Khamisi umwambie na haya. Kama harusini lazima pawe na mtu wa kufungiwa mlango, nifungie mimi. Nimekwisha mwambia Khamisi akate tiketi moja tu. Ukitaka nije, sema ziwe mbili. Usiponijibu nitaelewa, na siku hiyo nitabaki hapa nimwombee mjukuu wangu.

Msalimie shemeji, wasalimie wote wanaokula kwako, na hata wale wanaonisema, wasalimie, safari hii wana haki. Goti ulikande kwa maji ya moto yenye chumvi, si kwa hayo madawa ya mtaani. Mungu akuweke.

Ni mimi dada yako,
Mwanaamina