Nilimsahihisha Mtani Msibani

Shikamoo mshauri wetu mpendwa, nakuandikia kutoka Newala, nisaidie kabla ya arobaini ya mama yangu, maana nimeharibu jambo na sijui pa kuanzia. Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu, kwa miaka ishirini na miwili nimewafundisha walimu lugha na sanaa za maonyesho, na tasnifu yangu ya udaktari ilihusu watani, namna wanavyomwigiza marehemu msibani ili wafiwa wacheke na kulia kwa pamoja, na aliyenifundisha mengi ya hayo ni Bi Pili wa Chilangala, mtani wa ukoo wetu na rafiki wa mama tangu usichana wao.

Siku ya kuanua matanga Bi Pili alijifunga kanga ya mama, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akapita uani akichechemea na ndoo tupu kichwani, akigomba kama mama alivyogomba bombani, "Wewe, ndoo yako ina miguu? Mbona nimeiacha nyuma naikuta mbele?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi, mshauri, sikucheka wala sikulia, nilitoa simu nikarekodi, kisha nikasema kwa sauti ya darasani, "Bi Pili, samahani, mama alichechemea mguu wa kushoto, si wa kulia, hebu rudia tangu pale mlangoni."

Bi Pili akafungua kanga, akaikunja, akaiweka mapajani mwangu. "Haya, mwigize wewe uliyesoma," akasema, akaondoka. Kaka yangu Anderson akaniambia, "Dokta, hata msiba unausahihisha?" Sasa Bi Pili amesema arobaini haji, na wazee wanasema bila yeye msiba haujafungwa, nami nilitaka tu mama aigizwe vizuri, ingawa mdogo wangu Witness ameniambia baadaye kwamba tangu aanguke mwaka jana mama alikuwa akichechemea mguu wa kulia, si wa kushoto kama zamani, nami sikujua, maana Krismasi nilikaa siku mbili tu na muda wote alikuwa ameketi. Nifanyeje?

Mhadhiri, Newala

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe, maana hiyo ndoo ya bombani kila aliyepanga foleni ya maji Newala anaijua. Mara ya pili niliacha kucheka nilipofika kwenye Krismasi ya siku mbili. Jambo lenyewe umelificha pale mwishoni, kama mwanafunzi anayechomeka swali lake la kweli wakati kengele imeshalia.

Acha nikueleze, ingawa umeyaandika mwenyewe. Mtani haigizi ili apewe alama. Anambeba marehemu mara ya mwisho mbele ya waliompenda, na anaruhusiwa kuzidisha, kukosea, hata kukashifu. Asichostahili ni kukatizwa, nawe ulimkatiza. Tena alikuwa sahihi! Yeye alimwigiza mama wa mwaka huu, wewe ulikuwa unamtafuta mama wa zamani. Hilo lilikuuma, ukajificha nyuma ya simu. Sikuoni kuwa mtoto mbaya. Anayeishi mbali hubaki na mama wa siku aliyoondoka.

Lakini huruma yangu isiwe kisingizio. Usimtume Anderson, wala usiandike ujumbe. Nenda Chilangala mwenyewe, asubuhi, na ndoo ya maji kichwani, iliyojaa. Bi Pili ataelewa. Simu mwachie Witness. Mwamkie, keti chini mkekani, mrudishie ile kanga, na usimweleze nadharia yoyote. Atakutukana. Mtani ana haki hiyo, na akianza kukutukana ujue keshaanza kukusamehe. Hapo mwombe aje arobaini, na siku hiyo akuigize na wewe pia, dokta mwenye simu anayesahihisha msiba. Watu watacheka sana. Cheka nao, na hata akikosea mkono ulioshika simu, funga mdomo.

Kabla hujaaga, mwombe jambo moja zaidi, mkiwa wawili tu. Akuonyeshe mama alivyotembea mwaka wake wa mwisho, kutoka mlangoni hadi bombani. Wewe mfuate nyuma, polepole, ukichechemea mguu wa kulia, mpaka ulie.