Boneti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya Uyole leo si ya kawaida. Rangi haikauki, chai inapoa kabla haijafika mdomoni.

Limeingia gari ambalo maishani sijawahi kuligusa — gari la michezo, jekundu, milango miwili, liko chini mpaka kuku wa jirani alipanda juu ya boneti bila hata kupiga bawa. Rangi imebabuka kila mahali. Bosi wangu, Kaka Yunusu, hapokei gari kabla hajalipima kwa sumaku yake ya spika. Ikinata ni bati, isiponata ni puti ya kuzibia mashimo. Akaiweka mlangoni, ikaanguka. Kwenye boneti, ikaanguka. Akazunguka gari lote anaokota sumaku chini! Akaninong'oneza: "Violet, wallahi hili gari ni puti tupu. Limefikaje hapa?"

Nikaligonga kwa kidole. Linalia kama sufuria. Nikakwangua kidogo kwa wembe — weupe unaong'aa. Alumini! Bodi yote, mbele mpaka nyuma. Kaka Yunusu akasema sasa tumebakiza kulibandika jikoni. Mwenye gari anatoka Iringa, kesho anakuja kuonana na fundi.

Jumanne, 10 Juni

Mungu wangu. Mwenye gari ni baba mkwe!

Nilikuwa chini ya Fuso nakwangua kutu, nikasikia mzee anamwambia Kaka Yunusu: "Mwanangu Jofrey, yule wa kiwandani Mgololo, ndiye aliyeniambia. Uyole kuna Fundi V, kwa rangi hana mpinzani. Nataka gari hili limbebe mkamwana wangu siku ya harusi."

Fundi V ni mimi. Mkamwana ni mimi. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 28, Iringa.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Hawasalimiani, hawapishani njiani. Vijana wengi siku hizi wameacha, lakini Mzee Gwakisa hajaacha hata kidogo. Siku ya posa alikaa nyumba ya pili. Picha yangu kwenye simu ya Jofrey aliigeuzia kisogo. Na alishatamka mbele ya ukoo: mkamwana atakayemkodolea macho haingii kwake, harusi iwe imepangwa au haijapangwa.

Nikabaki chini ya Fuso mpaka alipoondoka. Nilichoona ni viatu. Vya kahawia, vimepigwa kiwi kisawasawa.

Nikampigia Jofrey. Eti alikuwa anajisifia fundi, mdomo ukamponyoka, halafu akaogopa kusema fundi mwenyewe nani. Pumbavu! Nampenda, lakini pumbavu.

Alhamisi, 12 Juni

Natoa rangi. Dawa inaunguza pua, rangi inavimba kama chapati, nakwangua taratibu maana alumini ni laini, ukikosea umechora.

Mzee amefikia kwa mdogo wake hapa hapa Uyole. Anakuja kila siku! Leo viatu vilitokea ghafla, nikaruka ndani ya buti la gari la mteja mwingine. Mteja akaja, akashukuru, akafunga buti, akaondoka.

Nimerudi kwa bajaji kutoka Igawilo. Yule mteja amesema hataleta tena gari kwetu. Simlaumu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepata dawa. Ovaroli, kofia, maski ya kupulizia rangi, miwani mikubwa. Na vioo vya miwani nimevipaka praima ya kijivu, ile rangi ya chini, nisimwone kabisa! Yeye hanioni mimi, mimi simwoni yeye. Adabu imetimia.

Sauti ndiyo shida. Kaka Yunusu akamwambia fundi amekaukiwa sauti kwa sababu ya harufu ya thina ya rangi. Basi mzee anaongea nami kwa kupiga kelele kama niko ng'ambo ya mto. "KIJANA! UMEKONDA! KULA NDIZI!" Nikaitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Kaka Yunusu anasema nilikuwa naiitikia kompresa, mashine ya upepo.

Jumatatu, 16 Juni

Praima imeingia gari zima. Imetulia, nyororo. Mimi ni fundi bwana.

Jumanne, 17 Juni

Mimi si fundi. Nimefika asubuhi, nikagusa pembe ya boneti, praima ikanifuata. Yote! Imevuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kaka Yunusu akalishika lile ganda zima zima, akalitundika kwenye kamba kama kanga.

Tumempigia mtu wa Dar. Anacheka. Alumini ina praima yake, hiyo ya bati haishiki. Ataituma kwa basi.

Ijumaa, 20 Juni

Basi lilipita Uyole na mzigo wetu, konda amelala. Likafika Tunduma. Tumepiga simu, wakasema msijali, unarudi. Umerudi kweli — umepita Uyole tena, sasa hivi uko Morogoro unaelekea Dar!

Nimelia mbele ya mafundi wote. Mzee yupo nje anamweleza Kaka Yunusu jinsi mkamwana wake alivyo na adabu. Eti hajawahi hata kusikia kikohozi chake. Basi gani nitapanda mimi nikimbie, la Tunduma?

Jumapili, 22 Juni

Nyumbani mama na shangazi wanasugua sufuria zangu za kwenda nazo kwa mume. Majivu, limau, sugua, suuza, sugua. Wanataka mawifi wazitazame wajione mpaka kope. Shangazi ananisema: bibi harusi gani amekaa anatazama ukuta?

Sikuwa natazama ukuta. Nilikuwa natazama sufuria.

Nikachukua debe la majivu. Shangazi akauliza naenda wapi. Nikamwambia nina sufuria nyingine gereji, kubwa.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeanza na mlango mmoja. Msasa wa maji kwanza, mkali, halafu laini, halafu laini zaidi. Kisha majivu ya mama. Mwisho kompaundi ya kung'arishia na kitambaa cha fulana. Mikono imekufa, lakini mlango unang'aa jamani! Nikavaa maski yangu, nikasubiri viatu.

Nikavisikia vinakuja. Vikasimama mbele ya mlango. Kwenye miwani naona ukungu wa kijivu tu. Baadaye Kaka Yunusu amenisimulia: mzee alijitazama, akanyoosha koti, akatoa kitana mfukoni, akachana nywele. Kisha akanigeukia. "KIJANA! USIPAKE RANGI! LIACHE HIVIHIVI LOTE!"

Ningerukaruka, lakini akaongeza. Hamwamini dereva yeyote na gari hili. Siku ya harusi ataliendesha Fundi V, amlete bibi harusi mpaka mlangoni mwa kanisa.

Kaka Yunusu akapaliwa na chai. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Ningefanyaje?

Jumatano, 25 Juni

Gari zima linang'aa, isipokuwa boneti. Siwezi hata kushika kijiko, mama amenilisha.

Jofrey kanipigia toka Mgololo, sauti ya mgonjwa. Anauliza nitaendeshaje na shela. Nikamwambia nitaivaa juu ya maski. Hakucheka. Kaka Yunusu amejitolea kuwa Fundi V siku hiyo, ila yeye ni mrefu kama nguzo ya umeme na mzee anajua Fundi V anamfika kifuani.

Naogopa sasa. Utani umeisha. Akijua, hakuna harusi, na nitakuwa nimempoteza Jofrey kwa ajili ya gari.

Alhamisi, 26 Juni

Naandika stoo ya rangi, juu ya debe la thina.

Nilikuwa namalizia boneti. Peke yangu, Kaka Yunusu yuko msikitini. Nilikuwa nimevua maski na miwani, maana kung'arisha mwisho lazima upulizie pumzi, usugue, upulizie, usugue. Nimeinama. Najiona mle ndani, nywele zangu zimesukwa za bibi harusi. Nikafurahi. Nikacheka peke yangu.

Halafu pembeni ya uso wangu ukatokea uso mwingine. Masikio ya Jofrey. Mwanya wa Jofrey. Ndevu nyeupe.

Tulitazamana. Ndani ya boneti, macho kwa macho! Hakuna aliyeinua kichwa. Sijui ni muda gani. Kisha viatu vya kahawia vikageuka, vikatoka nje, nami nikakimbilia huku.

Nimelia. Nimeshaanza hata kufikiria namna ya kumwambia mama.

Kaka Yunusu amerudi, namsikia. Mzee anamwomba kiti. Anataka kiwekwe pale karibu na gari, ila mgongo uelekee stoo. Amekaa. Sasa anapiga kelele, zile zile za kila siku — kwamba amekuja kumshukuru fundi. Kwamba tangu afike hapa gereji hajaona mtu yeyote, ameona boneti tu, na boneti ni nzuri kupita alivyotegemea.

Anakohoa. Nimeshajua kikohozi chake.

"KIJANA! FUNDI V! TOKA NIKUPE NDAGA, ASANTE YAKO! NA KAMA MKAMWANA WANGU YUMO HUMO NDANI, YEYE ABAKI HUKO HUKO!"

Kaka Yunusu anagonga mlango polepole. Maski ninayo hapa, naivaa nitoke.

Miwani nimeiacha juu ya boneti.