Kadude ka Shingoni kwa Madoa

Ipogolo, Iringa

Dada yangu Tumpe,

Shikamoo dada. Mgongo umepungua kuuma? Mvua ya huko Mbeya imewaachia viazi hata vya kuonja? Mimi mwili mzima, nakula nashiba, ila hasira nilizonazo hazitoshi kwenye karatasi hii. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu wewe simu unaipokea kwa sauti kubwa, na huyu mdogo wetu Gwakisa habanduki jikoni kwako.

Dada, siku wageni wanakuja kumposa mwanao Neema, sitafika.

Usilie kwanza. Unajua hapa kwa bosi mimi ndiye mkuu wa ng'ombe wote. Sasa bosi kawavisha mikanda shingoni, na kwenye kila mkanda kuna kadude kadogo kama kiberiti, hakana waya hata mmoja. Ng'ombe akicheua kanajua. Akiugua kanajua. Akipata joto, akahangaika kutaka dume, kanamtumia bosi ujumbe kwenye simu huko mjini, naye anamwita bwana mifugo aje kumpandisha. Kengine kako kwenye tangi la maziwa, maziwa yakianza kupata moto kanasema. Hata mafundi waliokuja kuvifunga waliniuliza mimi ng'ombe yupi anapiga teke.

Juzijuzi mkanda wa ng'ombe mmoja, Madoa, ukakatika. Nikakaweka kadude mfukoni mwa koti kasipotee, mkanda niushone baadaye. Ng'ambo ya uzio jirani alikuwa na sherehe ya kipaimara, wakaniita. Unanijua nikisikia muziki. Nilicheza mpaka vumbi likafunika jua, paroko mwenyewe akapanda juu ya kiti anione.

Narudi nimelowa jasho, namkuta bwana mifugo zizini na pikipiki yake. Madoa amelala, anacheua.

"Bosi kaniambia huyu kachachamaa tangu mchana," anasema. "Sasa mwenye joto hapa ni nani?"

Nikatoa kadude mfukoni. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Leo hii vijana wote wa zizini wananiita Mtamba, kama ng'ombe jike ambaye hajazaa.

Hayo ningemeza. Lakini kesho yake, kadude kamerudi shingoni, Madoa akapata joto la kweli, analia, anapanda wenzake. Nikampigia bosi.

"Bosi, leo ni yeye!"

"Ambakisye, umeenda kucheza tena?" Akakata.

Simu yake inamwambia, mimi namwambia, haamini hata mmoja. Joto likapita. Ng'ombe akikosa anangojwa wiki tatu, na wiki tatu zinaangukia palepale kwa wageni. Nimeomba ruhusa mpaka nimechoka. "Hutoki hapa mpaka Madoa apandishwe," ndiyo jibu.

Ng'ombe, dada! Mimi mjomba mtu, niliyembeba Neema mgongoni akiwa na surua, nafungwa na ng'ombe! Na Gwakisa ndiye aseme kwa niaba yangu? Huyo atakubali kila kitu chai haijapoa.

Waombe wageni wasogeze wiki moja tu. Sema mjomba ana kazi ya mitambo, hujadanganya.

Msalimie shemeji, Baba Neema, na mama mkubwa mwambie dawa yake ya miguu nimeipata. Gwakisa msalimie pia, lakini barua usimwonyeshe.

Wageni wakikataa kusogeza, basi Neema akiitwa mbele na kuulizwa kama anawafahamu, asiseme ndiyo, asiseme hapana. Aseme, "Namngoja mjomba." Halafu akae. Nitakuja, hata kama ni kumburuta Madoa kwa kamba mpaka Mbeya.

Mdogo wako,
Ambakisye