Ametoka Kidogo

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefika mapema. Nimepanga soksi zangu, kisha nikapanga vitu vya Mama Zuhura: miiko, vichujio vya chai, sufuria mbili za mbele. Ndivyo tunavyofanya hapa barabarani. Mwenzetu akifa, jirani anamshikia meza mpaka arobaini ipite. Meza ikilala tupu siku moja tu, kesho unamkuta mtu anauza kava za simu.

Alikufa usingizini. Miaka yote tumekaa bega kwa bega, mimi Mchaga wa Marangu, yeye mtu wa Mafia, tukitaniana kuhusu mbege na pweza. Sasa nakula chapati peke yangu. Inaniuma.

Alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko kuita wateja. Mchana nimesikia mlio ule. Nikageuka. Mwiko upo pale pale nilipouweka.

Jumatano, 6 Agosti

Watu wa jiji wamepita. Safari hii si mgambo. Dada mmoja mpole, afisa biashara, na wenzake. Wanaandikisha wamachinga ili kila mmoja apewe kizimba kwenye jengo jipya la soko. Kutakuwa na choo, maji, taa, mikopo ya vikundi. Sikuwaamini sana. Lakini nimechoka kukimbia na mzigo kichwani. Nikajiandikisha.

Akaonyesha meza ya pembeni. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo, ametoka kidogo."

Lilitoka lenyewe. Ndivyo tunavyosema kila siku, jirani akienda chooni, akienda kuswali, akifuata mzigo. Akaniuliza jina la mwenye meza, nikalitaja. Akaandika, akaenda zake. Mimi nimebaki na soksi mkononi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mzee Side, muuza mikanda, ndiye aliyenieleza nilichofanya. Kule mwanzo wa mtaa afisa alitangaza kwamba mwenye meza akiwa amefariki, mrithi wake aandikwe siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa mbali, sikusikia. Zuhura, binti wa marehemu, angeandikwa. Yuko Buguruni kwenye chumba cha kupanga, na kichanga, mume kaondoka kabla mtoto hajazaliwa. Meza ya mama yake ndiyo tegemeo lake. Mjinga mimi.

Adhuhuri, mwiko tena. Nikamuuliza muuza maji kama amesikia. Ameniangalia vibaya.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nikaenda Buguruni kumwambia Zuhura. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimlaza mtoto, akasema taratibu, "Kwa hiyo marehemu kapewa kizimba, mimi sina."

Mzee Side ana ushauri wake. Siku ya kugawa funguo za vizimba wanaita jina na kupiga picha, basi. Zuhura avae baibui la mama yake, aitike. Wamefanana mno, nani atajua? Nilikataa. Kisha nikasema tutaona.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya funguo.

Zuhura ameingia ukumbini na baibui la marehemu, lile la nakshi ya fedha mikononi. Mwendo ule ule. Nilitaka kukimbia. Nilitaka pia kumshika na kumuuliza alikuwa wapi siku zote hizi.

Wakaita jina la mama yake. Zuhura akasimama. Mdomo wazi, hakuna sauti. Wakaita tena. Mtoto akaanza kulia.

Nikasimama mimi. "Amefariki," nikasema. "Niliyewadanganya ni mimi."

Sikuwahi kulitamka neno hilo kwa sauti. Hata msibani nilikuwa nasema ametutoka.

Afisa hakufoka. Alisema tu uandikishaji umefungwa, kizimba kinaingia kwenye kura ya waliokosa. Nikamuuliza mpango wa kutuinua unamrukaje Zuhura kwa sababu siku ile alikuwa kitandani na kichanga. Aliinamisha kichwa. Kura ikachezwa. Amepata mtu wa mikoba, simjui.

Zuhura amelia kwenye ngazi, ndani ya baibui la mama yake. Nilikaa naye. Najichukia.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwambia Zuhura tutagawana kizimba changu. Amekubali.

Jumanne, 26 Agosti

Tuko ghorofani. Soksi kushoto, miiko kulia, mtoto amelala kwenye boksi chini ya meza. Choo kipo, kweli. Maji yako chini. Wateja wachache, hawapendi ngazi. Afisa alipopita nilimwambia waliojenga wangesimama kwanza barabarani waone watu wanapita wapi. Ameandika. Alituona tuko wawili kwenye kizimba cha mmoja, hakuuliza.

Ule mlio haukunifuata huku. Nilidhani nitafurahi.

Mchana nilishuka kuchota maji. Narudi, niko nyuma ya nguzo, nikasikia sauti ya mteja wangu wa siku nyingi. "Yule mama wa soksi yuko wapi?"

"Yupo," Zuhura akajibu. "Ametoka kidogo."

Nilisimama pale na ndoo yangu. Niliogopa, nasema kweli. Nikatazama mkono wangu, umelowa, wa baridi. Nikawa najiuliza nikijitokeza wataniona au hawatoniona.

Zuhura akachukua mwiko, akagonga sufuria kuita wateja. Nikatoka nyuma ya nguzo.

"Nipo," nikasema.

Mteja alitaka pea mbili, nyeusi.