Vigingi vya Ukulele ya Mama

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua sitaisikia marahaba yako, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia. Hata kwenye karatasi naona haya.

Nakuandikia nikiwa hapa Mabwerebwere, kwenye benchi lako la kazi, kwa sababu kuna jambo nimelifanya na wewe ndiye unayestahili kuambiwa kwanza. Linahusu ile ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne, uliyokuwa unamtengenezea Mama. Uliiacha ina tumbo, ina shingo, na kichwa bado hakijatobolewa. Kando yake uliacha vigingi vinne vya mpingo vya kukazia nyuzi, umevifunga kwenye kipande cha kanga. Baada ya arobaini yako wazee walisema zana za mjomba ni za mpwa, wakanikabidhi sanduku. Hakuna aliyeniuliza kama najua kutoboa.

Unakumbuka chaki? Nilikuwa naokota vipande vilivyoanguka chini ya ubao baada ya kipindi cha mwisho, naviweka mfukoni mwa sketi, nakuletea. Kigingi cha mti ulikipaka sabuni kidogo ili kizunguke, na chaki kidogo ili kisirudi nyuma. "Walimu wako wanajua kwamba chaki yao iko Mikumi inapiga muziki?" uliniuliza siku moja. Nilicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuangalia, maana kucheka kwangu kulikuwa habari.

Wakati wa likizo ulinichukua Mikumi, kwenye meza yako kando ya barabara ya Iringa. Nilikaa nyuma yako na kitabu, nikiomba mteja asiniulize kitu. Siku ya kwanza ulimwaga vigingi kwenye mkeka, ukasema, "Haya Msomi, chagua vinne." Nikachagua vile vyeusi zaidi, vinavyong'aa. Wewe ukaviviringisha kimoja kimoja juu ya kipande cha kioo.

"Kizuri, lakini kinachechemea. Hiki nacho kinachechemea. Hiki je? Kilema kabisa. Umenichagulia wagonjwa watupu."

Kisha ukanifundisha. Kigingi kilichonyooka kinapita juu ya kioo kimya. Kilichokauka ukikigusisha mdomoni hakina ubaridi. Chenye ubaridi bado kina maji, kirudi juu ya meko kingoje mvua nyingine ipite. Mpaka leo nikishika kijiti chochote nakigusisha mdomoni, na wenzangu bwenini wanadhani nina njaa.

Na yule dereva wa lori aliyenunua ukulele kwako, unamkumbuka? Alirudi baada ya wiki moja, amekasirika.

"Fundi, kitu chako hiki kinalala. Nafika Iringa nyuzi zote zimelegea."

"Hukukisukuma. Unazungusha kama unatafuta stesheni ya redio. Kigingi cha mti unakisukuma ndani huku unakizungusha."

"Yaani niendeshe semi na bado nisukume kigingi?"

"Basi piga honi. Nayo ni muziki."

Alikaa nusu saa akijifunza kusukuma, akaondoka anaimba. Mimi sikuusikiliza wimbo wake. Niliona dole gumba lake limekuwa jekundu.

Ndiyo maana nilipopelekwa Morogoro na shule nilikununulia vile vigingi vya chuma, vyenye gia ndogo pembeni, vinavyozunguka kwa vidole viwili na havirudi. Nilivibeba njia nzima mkononi. Wewe ukavigeuzageuza, ukasema, "Vizuri. Vya kufungia mlango." Nami, nisiyejibu hata mwalimu, nikakujibu, "Mjomba, watu hawana muda wa kusukuma." Ukachukua randa, ukaranda ubao ule ule hadi adhana ya alasiri. Chuma ukakiweka kwenye droo na hatukukitaja tena. Nilikuwa na nafasi nyingi za kukuomba radhi kabla hujalazwa. Kila mara nilingoja uanze wewe.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Masika haya Mama aliteleza kwenye tope, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Plasta imetolewa na jembe ameshalishika. Ila nilipompa ukulele yako mwenyewe, ile ya zamani ya vigingi vya mti, ajaribu kukaza uzi, nikamwambia, "Sukuma ndani, Mama," niliona anavyoibana midomo.

"Imeuma?"

"Haijauma."

"Mama."

"Si utakuwa unanikazia wewe, mwanangu?"

Shule inafunguliwa Jumatatu. Nikiondoka narudi baada ya miezi mitatu, na nyuzi za nailoni hazisubiri hata siku tatu. Wewe unajua kwa nini anaitaka ukulele ile. Kuna wimbo mliokuwa mnauimba wawili mkipalilia mpunga, wewe juu, yeye chini. Tangu uzikwe, nimemsikia akiuanza mara nyingi. Anaimba sehemu yake ya chini, akifika pale unapoingia wewe, anakaa kimya.

Siku tatu nilikiangalia kile kichwa. Tundu la kigingi cha mti ni jembamba, linazidi kupungua kuelekea ndani. La chuma ni pana na limenyooka. Ukishalipanua, mti haukai tena humo. Vigingi vya mpingo nilivijaribu kwenye kioo, vyote vinne vikapita kimya, na hakuna chenye ubaridi. Vilikuwa vizuri kuliko vyote ulivyowahi kuchonga, nami nilijua ulikuwa unamchongea dada yako.

Alhamisi asubuhi nilitoboa matundu mapana, Mjomba.

La nne nilisahau kuliwekea kipande cha mbao nyuma, kwa hiyo lilipotokeza ukatokea ufa mfupi. Nimeuziba kwa gundi na unga wa mninga kama ulivyonionyesha, lakini unaonekana. Kile chuma nilichokitoa kwenye droo yako kimefanya kichwa kiwe kizito pia. Ungeichukua mkononi ungesema imesinzia. Vya mpingo nimevifunga tena kwenye kanga, sina pa kuviweka.

Sikuombi useme nimefanya sawa. Nakuomba radhi kwa lile jibu, na kwa hili la Alhamisi nakueleza tu.

Leo asubuhi nilikuwa napanga vitabu kwenye sanduku la shule. Nikasikia uzi mmoja unapanda kutoka jikoni, polepole, unapita mahali pake, kisha unarudi chini unatafuta. Nikainuka. Nikafika mlangoni, nikasimama. Mama hakuniita. Uzi ukapanda tena, ukakaa, akaanza wa pili.

Mpwa wako,
Zaina