Viwavi Wasiotaka Kukua

Jumatatu, 2 Machi
Majani ya mforosadi asubuhi, mchana, jioni. Viwavi wangu wa hariri wanakula tu. Wanene kama kidole gumba. Tangu wiki iliyopita walipaswa kuacha kula na kujifumia vifuko. Hakuna hata uzi. Mama mkwe amechungulia kibandani, akauliza wanasubiri nini. Na mimi ndiye mwalimu wa baiolojia!

Jumatano, 4 Machi
Mama amesema wazi: masika yakianza bila hariri, miforosadi inang'olewa, anapanda maharage. Shamba ni lake, aliniazima tu. Miaka miwili naipalilia miti ile! Nimekasirika. Nimeitikia "ndiyo, mama".

Ijumaa, 6 Machi
Leo nimefundisha hili hili. Ubaoni ni rahisi. Homoni moja humwamuru kiwavi ajivue ngozi. Nyingine ni ya utoto: ikiwepo, anajivua na kubaki kiwavi, mkubwa zaidi. Ikiisha, ndipo anageuka pupa, yule anayelala ndani ya kifuko, kisha nondo. Kwa wangu haiishi. Labda baridi ya huku. Nimewasha jiko la mkaa kibandani. Bure.

Mama kasema hajaona mtoto wa kula hivyo na kukataa kukua. Nilitaka kumkumbusha mwanawe, mume wangu. Nikaongeza majani.

Jumamosi, 7 Machi
Nimejua. Nina hasira na sina wa kumgombeza. Baba Eliya, jirani anayelima nyanya chini yetu, kanisalimia kwa furaha: "Mwalimu, mwezi jana nilikuwa napiga dawa ya inzi weupe, nikakupigia na miforosadi yako. Si ujirani huo?"

Nikaomba kuona chupa. Dawa inaiga homoni ya utoto, ili watoto wa inzi wasikue. Na majani hayo nimewalisha kwa mikono yangu. Nikamshukuru.

Jumapili, 8 Machi
Baada ya ibada nimemweleza mama yote. Kasikiliza huku akichambua mbegu za maharage. Kasema masika hayamsubiri mtu.

Jumanne, 10 Machi
Mvua imeanza. Viwavi wanakufa, wanene vile vile. Nimetoka shule nikamkuta mama shambani na panga, miforosadi yote imelala chini.

Nikasogea. Amekata usawa wa goti. Mashina yamesimama.

"Majani yenye dawa nimeyakata," kasema. "Mizizi nimekuachia, mwanangu. Yaote mengine."

Maharage anayapanda katikati ya mashina. Nimevua viatu vya shule, nikamsaidia kufukia.