Hatua Mbili za Mlangoni

Baba yangu, shikamoo.

Marahaba yako sitaisikia, lakini nakuamkia kwa sababu ulinilea hivyo. Matanga yako tumeanua jana. Wageni wa Kwihara na Kaliua wamekwenda zao, nyumba ya Isevya imenyamaza, nami nimelitoa daftari lako sandukuni. Ukurasa wa mwisho una uongo. Niliuandika mimi, na ndio ulionikalisha chini nikuandikie.

Unakumbuka daftari hili lilivyoanza? Taruma la reli, lile gogo zito la kulalia vyuma, lilikuangukia likakuvunja mguu wa kulia, ukalala ndani tangu mavuno hadi mvua za kwanza. Nyapara wa genge lenu akaja kukupa pole. Akasema nafasi yako itakungoja mpaka mvua zikatike. Ukiweza kutembea nguzo sitini za simu kandokando ya reli, bila fimbo, utarudi kazini. Ukishindwa, basi. Mama akaanza kuzungumza habari za kurudi Kwihara kulima, na mimi nikajua shule yangu ndiyo imekwisha.

Kesho yake ukaniita. "Karani," ukasema, nami niko darasa la tatu tu, "lete daftari. Mguu huu utaandikwa."

Wewe hukujua hata herufi moja. Ulikuwa na kamba ya katani, kama babu alipokuwa mpagazi, akifunga fundo moja kila kambi toka hapa Tabora hadi pwani asipoteze hesabu ya siku. Wewe ulifunga fundo kila nguzo. Ukirudi, mimi nahesabu mafundo, naandika, nakusomea. Siku ya kwanza: nguzo moja. Siku ya pili: nguzo moja, ameanguka. Nilitaka kuacha hayo ya kuanguka, ukakataa katakata. "Andika. Nilianguka au sikuanguka?"

Mama alikuwa akitucheka. "Mguu hauponi kwa wino, baba Kabula."

"Hauponi," ulimjibu, "lakini unaona haya."

Halafu ikaja ile wiki mbaya. Siku nne mfululizo ulikwama nguzo ya kumi na tisa. Siku ya tano ulirudi mchana umeuma midomo, hata uji hukuutaka. Nilikuonea huruma, Baba. Mafundo yalikuwa kumi na tisa, mimi nikaandika ishirini na moja, nikakusomea kwa sauti ya karani hasa. Ukaichukua kamba, ukaipitisha vidoleni taratibu, fundo moja moja.

"Hizo mbili katembea nani?"

Nikalia. Hukunigombeza. Ulivaa tena katambuga zako za tairi, jua lingali linachoma, ukatoka na kuanza upya nguzo ya kwanza. Nilikufuata nyuma nikifuta kamasi. Kwenye ya kumi na tisa ulisimama, nikadhani ndiyo basi. Ukaenda. Ulipoifikia ya ishirini na moja uliishika kwa mikono miwili, ukahema weee, kisha ukanigeukia.

"Sasa usifute. Lakini ukinipa tena nisichotembea, mwanangu, utakuwa umenilemaza wewe."

Siku ya kupimwa akaja bwana mkaguzi wa reli na mwavuli wake. Ulipofika hamsini na nane, jua lilikuwa limemchosha yeye kuliko wewe. Akapiga filimbi. Inatosha, akasema, kazi umepata. Wenzako wakapiga makofi, na wewe unazidi kwenda. Nyapara akaita, "Bwana wee, husikii? Umeshapata!" Niliona utamuudhi mkubwa akaghairi. Hukugeuka. Uliigusa ya sitini, ndipo ukatazama nyuma, na uliyemtazama ni mimi niliyeshika daftari. Nimeona watu wengi wenye nguvu tangu hapo, Baba. Sijaona mwingine kama wewe.

Kisha mwezi uliopita kifua kikakulaza. Mimi mama wa watoto watatu, na bado ukaniita karani. "Kutoka kitandani hadi mlangoni," ukasema. "Hesabu." Ni hatua tisa. Ulikwenda saba, magoti yakakataa, tukakubeba na Mama kukurudisha.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika umefika, Baba."

Mkono wako ukapapasa shuka. Nadhani ulikuwa ukitafuta kamba, nayo ilikuwa imetundikwa msumarini, mbali nawe. "Haya, karani," ukasema, ukafumba macho. Kulipokucha hukuamka.

Watu wamekusifu hapa siku zote za matanga, na wamesema kweli tupu. Mimi nilikuwa nawaza ile "haya" yako. Ulijua. Ulijua, ukaninyamazia kwa kunipenda, na imeniuma kuliko kama ungenigombeza.

Basi leo asubuhi nimesimama pale pale magoti yako yalipokataa. Nimekwenda hatua moja, nimekwenda ya pili, nimeushika mlango kwa mikono miwili. Mama ameniona, amenisogezea kiti. Nimerudi mezani, nimeukata uongo wangu kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake nimeandika:

Baba, hatua saba. Binti yake, hatua mbili. Tumefika.

Daftari nimelifunga kwa kamba yako. Pumzika sasa, mguu umeandikwa wote.

Mimi binti yako,
karani wako.